FOM FOO SEBULENI: NYUMBA NZIMA IKO KWENYE MTIHANI!

WASHIKAJI wengi wa mjini ukiwaambia kuna binti anasoma kidato cha nne nyumbani kwao, watakucheka mpaka uone aibu. Watakuuliza, "Nyumbani? Mwalimu nani, bibi yake?" Wengine watadhani unazungumzia mambo ya wazungu, wale ambao watoto wao wanafundishwa sebuleni na mama mwenye digrii mbili.

Poleni sana. Mambo hayo yapo hapa hapa Bongo, na hayana uzungu wowote. Jina lake rasmi ni mtahiniwa wa kujitegemea, yaani mtu anayefanya mtihani wa taifa bila kuwa mwanafunzi wa shule yoyote. Kila Novemba, wenye yunifomu wakiingia kwenye chumba cha mtihani, na hawa nao wanaingia. Baraza ni lile lile, NECTA, na jasho ni lile lile. Tofauti ni kwamba mwenye yunifomu ana alama zake za maendeleo zilizokusanywa shuleni, wakati huyu wa nyumbani anategemea karatasi tu. Siku hiyo ukiumwa kichwa, umeumia.

Na usifikiri ni mtindo wa juzi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ilianza mwaka 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere, ikawa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1975. Wazee wetu kibao walisoma kwa posta. Somo linakuja kwenye bahasha, unajibu, unarudisha, unasubiri majibu. Waulize, watakusimulia.

BULWA SIYO LUSHOTO

Ninayajua haya kwa sababu yamo ndani ya ukoo wangu. Shangazi yangu anaishi Bulwa, kwenye mashamba ya chai. Ukisema Usambara watu wengi wanarukia Lushoto, kwenye kabichi na karoti. Bulwa iko Usambara ya Mashariki, upande wa Muheza. Unapanda basi Muheza mjini, unapita Kisiwani, halafu zinaanza kona. Kona, kona, kona! Mwenye tumbo jepesi ashike mfuko wake mapema.

Binti yake shangazi, binamu yangu, ana miaka 18. Jina simtaji, maana sikumwomba ruhusa ya kumwanika gazetini. Alikuwa kidato cha pili alipopata ujauzito. Yule kijana mhusika, kama kawaida yao, alipata safari ya ghafla na mpaka leo hajarudi.

Zamani hadithi ingeishia hapo. Lakini tarehe 24 Novemba, 2021, serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaweza kurudi kwenye shule ya kawaida baada ya kujifungua. Kwa hiyo mlango wa binamu yangu ulikuwa wazi. Tatizo, mlango kuwa wazi hakuna maana kwamba njia ni fupi. Shule ni mwendo wa mguu, mlima kupanda na kushuka, na mtoto ananyonya. Umwachie nani kuanzia alfajiri mpaka jioni?

Kuna njia nyingine, na wasomaji wenye wadogo zao wa kike waishike hii. TEWW wana mpango wa wasichana waliokatishwa masomo, unaobana miaka minne ya sekondari ikawa miwili. Mwaka wa kwanza unaishia na mtihani wa maarifa unaoitwa QT, wa pili unaishia na mtihani wa kidato cha nne. Kwa anayeishi karibu na kituo, ni bomba ile mbaya. Kwa binamu yangu, nauli ya kila siku na mtoto mgongoni ilikuwa ndoto. Ndipo shangazi akasema, "Basi atasoma hapa hapa."

"KILO HAZISUBIRI HESABU"

Kikao cha familia kilikuwa kasheshe. Mzee wa nyumba, baba yake binti, hakutaka kabisa kusikia. Kwake mambo yalikuwa mawili tu: aolewe, au aende kuchuma chai kama wenzake. "Kilo za chai hazisubiri hesabu," alisema. Na jamani, tusimsute haraka. Mchuma chai analipwa kwa alichochuma. Mikono miwili ikikaa chini kushika kitabu, sufuria inajua siku hiyo hiyo.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu polepole, "Mimi nimechuma chai miaka 19. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza cheti. Ndiyo maana mpaka leo nachuma."

Mzee akanyamaza. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, ila Bulwa mtu anachumia kwenye ukungu, anarudi nyumbani kwenye ukungu, na kivuli chenyewe hakionekani.

Makubaliano yakawa haya. Kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana, binti hatumwi. Hatumwi maji, hatumwi kuni, hatumwi dukani. Asubuhi mtoto anabaki na bibi yake mzaa baba, jioni anashikwa na mjomba wake wa darasa la sita, ambaye anadai malipo ya biskuti. Usiku binti anasoma kwa taa ya sola. Lakini sola na ukungu hawapatani. Siku ambayo jua halikuonekana, taa inakata saa 3 usiku, na swali la kemia linalala nusu.

Sasa maji nani atachota? Hapo ndipo kijiji kilipopata cha kuzungumza. Mzee mwenyewe! Alianza kimya kimya, alfajiri, watu wasione. Wakamwona. Maskani pakawaka moto: "Mwanaume na ndoo! Amepewa nini yule?" Mwenyewe aliendelea na safari zake za kisimani. Kuhusu kusoma alikuwa bado hajasema ndiyo, ila ndoo zilikuwa zinajaa.

SOMO LIKO NJE YA MLANGO

Nilikaa kwao wiki tatu, nikaona jinsi kusoma peke yako kulivyo kazi. Kitu cha kwanza kinachomkaba ni lugha. Darasa la saba kila kitu ni Kiswahili, sekondari kila kitu ni Kiingereza. Shuleni mwalimu atakuchanganyia lugha mpaka uelewe. Nyumbani kitabu hakichanganyi. Binamu yangu anasoma ukurasa mmoja na kamusi kwa nusu saa.

Dawa aliyoigundua ni kutafuta somo hapo hapo alipo. Jiografia inamwambia habari za mvua ya milimani: upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga maji. Anafungua dirisha. Ile hapo! Upepo wa Bahari ya Hindi unapanda Usambara, ndiyo maana Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana chai iko hapo na si Muheza mjini. Historia inamwambia uchumi wa kikoloni. Anakumbuka Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakajaribu mimea ya kila namna, mpaka mikwinini ya kutengenezea dawa ya malaria. Asilimia na uwiano anajifunza kwa daftari la kilo la mama yake. Huyu bwana Pythagoras ndiye bado hajapata pa kumweka.

Vitabu vyenyewe siyo tatizo kama zamani. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, hivyo mwenye simu ya kisasa na bando la kubahatisha anasoma. Kinachokosekana ni mtu wa kusahihisha. Unaweza kujibu pepa za miaka ya nyuma mia moja, kama hakuna wa kukuambia umekosea wapi, unazoea makosa yako tu. Hapo shangazi alimfuata mwalimu mmoja wa sekondari. Jumamosi moja moja anasahihisha, na malipo yake ni iliki. Mwalimu hajalalamika, na chai ya kwake sasa inanukia mpaka barabarani.

MEZA YA MABANZI

Novemba iliyopita binamu yangu alifanya QT, maana bila huo, mtu ambaye hakumaliza kidato cha pili hasajiliwi kufanya cha nne. Matokeo yalipotoka ilibidi watu wapande kilimani kutafuta mtandao. Shangazi, binti, mtoto mgongoni, jirani mwenye simu. Amefaulu! Shangazi alipiga vigelegele, wachumaji wa kule bondeni wakadhani kuna harusi.

Mzee alipoambiwa alisema, "Sawa," akaenda kulala. Kesho yake hakuonekana mpaka jioni. Alirudi na meza kichwani. Ameigonga mwenyewe kwa mabanzi, mguu mmoja mfupi kidogo. Akaiweka chini ya dirisha, akaweka kigae chini ya ule mguu, akasema, "Mwambie mwenzio aache kuandikia kitandani." Mwenzio, yaani binti yake mwenyewe! Hajazoea bado kumtaja, lakini meza imefika.

Sasa ni mwaka wa mwisho. Masomo saba, kwa sababu divisheni inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A inaanzia alama 75, D inaanzia 30, chini ya hapo ni F na hakuna wa kumlilia. Binti anataka chuo cha uuguzi, kwa hiyo kemia na baiolojia hana ujanja wa kuzikwepa.

Kinachomnyima shangazi usingizi siyo kemia. Ni vuli. Mtihani uko Novemba, na mvua za vuli zinaanza Oktoba. Mvua ikinyesha chai inachipua kwa fujo, na kila mkono unatakiwa shambani. Miezi hiyo ndiyo pesa inaonekana. Nilimuuliza mzee, "Baba, Oktoba itakuwaje?" Alinitazama, akaitazama ile meza, akasema, "Oktoba ikifika tutaiona." Jibu lenyewe ndilo hilo. Mimi nimeahidi kutuma chochote mwezi huo, ili pengo la kilo lisiwe kisingizio.

KWA WEWE UNAYESOMA HAPA

Kama mdogo wako yuko kwenye hali hii, mambo machache. Mosi, usichanganye: wa shule ya msingi si wa kumfungia ndani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 aandikishwe shule. Pili, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafanyika mapema mwaka, siyo Oktoba. Nenda kituoni Januari, uulize ada ya mwaka huo, ukichelewa kuna faini. Tatu, tafuta wa kusahihisha kabla ya kutafuta kitabu cha kumi.

Na la mwisho, wewe kaka wa mjini unayepiga simu na kuuliza, "Unasoma lakini?" Uliza swali lingine. Uliza nani anashika mtoto, nani anachota maji, na taa inakata saa ngapi. Ukipata majibu, utajua kama atafaulu. Halafu tuma hela ya betri, acha maneno.

Haya, tukutane wiki ijayo. Wasalaam!