Gari la zamani linavuja oili? Usikubali haraka injini ishushwe

Umelaza Hiace au Land Rover ya zamani Nyakato, asubuhi unakuta doa jeusi chini. Kabla fundi hajaanza kufungua, jua kwanza oili inatoka wapi.

Pale tone linapodondokea mara nyingi sipo panapovuja. Gari likitembea, upepo unaisukuma oili nyuma. Unaambiwa ni sili ya nyuma ya krenki, kazi ya kushusha giaboksi, kumbe ni gasketi ya tapeti kava huko juu, ambayo ni kazi ya asubuhi moja tu. Safisha injini (siyo ufukweni, maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwa hilohilo), endesha dakika 15, kisha mulika kwa tochi ukianzia juu.

Halafu kagua bomba la kupumulia la injini. Hapa wengi wanaruka. Likiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili ipite kwenye sili. Ukiweka sili mpya bila kulizibua, utarudi gereji.

Na silikoni? Kidogo sana. Ikizidi, vipande vinadondokea kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini ikikosa oili, inanoki.

Kuvuja kidogo unaweza kuishi nako, mradi upime oili kila asubuhi. Ila ikidondokea ekzosi ukaona moshi, safari ya Bukoba iahirishe: gari linaweza kushika moto.