Alama Arobaini za Wanafunzi Wawili

Chukua mtihani wa kozi ya aljebra ya chuo kikuu wenye maswali matano, kila moja lina alama 20. Mwanafunzi wa kwanza anajibu maswali mawili tu, lakini anayajibu yakaisha: kila hatua ina sababu yake, na mstari wa mwisho unafunga kile kilichofunguliwa na mstari wa kwanza. Matatu yaliyobaki anayaacha wazi. Wa pili anagusa yote matano. Katika kila swali anaandika fasili sahihi, anataja kanuni inayohusika, anafanya hatua mbili tatu za mwanzo, kisha anakwama na kuhamia swali linalofuata. Msahihishaji anampa 8 kwa kila moja. Mwisho wa hesabu wote wawili wana 40. Kwa mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B na 40 hadi 49 ni C, karatasi zote mbili ni za C. Matokeo yakitoka hakuna awezaye kuwatofautisha, ilhali mmoja ameonyesha mara mbili kwamba anaweza kuthibitisha jambo, na mwenzake hajathibitisha hata moja. Watu wengi wakilalamikia mitihani ya hisabati hulaumu ugumu wa maswali au ukali wa wahadhiri. Naona kasoro kubwa zaidi imejificha mahali pasipotazamwa, yaani katika kujumlisha kwenyewe.

Katika masomo mengi nusu ya kazi ina thamani ya nusu. Insha kuhusu Vita vya Majimaji iliyokatika katikati bado inaweza kumwonyesha msomaji chanzo cha vita hata kama haikufika kwenye matokeo yake. Uthibitisho wa hisabati hauko hivyo. Tazama ule mashuhuri, ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana nao mapema, unaoonyesha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Tunaanza kwa kukubali kwa muda kwamba kinaweza: kwamba kuna namba nzima mbili, a na b, zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, na kwamba a ikigawanywa kwa b tunapata kipeuo hicho. Basi mraba wa a ni mara mbili ya mraba wa b, kwa hiyo a ni shufwa. Tukiiandika a kama mara mbili ya namba nyingine, tunaona kwamba b nayo ni shufwa. Hapo ndipo neno linapotimia: zote mbili zinagawanyika kwa 2, na sisi tulianza kwa kusema hazina kigawo cha pamoja. Mwanafunzi aliyekariri mistari ya mwanzo asiuone mgongano huu wa mwisho amebaki na orodha ya hatua sahihi zisizoelekea popote. Hata hivyo mwongozo wa kusahihishia, uliogawa alama kwa kila mstari, utampa zaidi ya nusu. Umempima kumbukumbu, ukaandika kwamba umempima hoja.

Alama hizo haziishii kwenye karatasi. Katika kozi nyingi za Dar es Salaam majaribio na kazi za muhula hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho, ambao wanafunzi huuita UE, asilimia 60. Jumla hugeuzwa kuwa herufi, na herufi kuwa pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Wastani wa pointi za miaka yote ndio unaotoa daraja la shahada, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Aliyepata 69 na aliyepata 70 wametengana kwa alama moja, lakini wanatoka na tofauti ya pointi nzima. Alama hiyo moja yaweza kuwa fasili iliyonakiliwa kutoka kichwani katika swali ambalo mwenyewe hakulielewa. Mwanafunzi mwerevu analijua hilo mapema. Anachimba mitihani ya miaka iliyopita, anakariri mianzo ya majibu, anaingia chumba cha mtihani akiwa na mpango wa kugusa kila swali. Hatuwezi kumlaumu. Anafanya kile ambacho mizani inalipa.

Mizani hii haikuanzia kwetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kusimama peke yake mwaka 1970. Madaraja ya shahada, mtahini wa nje na karatasi ya saa tatu vyote ni urithi wa Uingereza, na kwa upande wa hisabati urithi huo una mzizi wake Cambridge, katika mtihani uitwao Tripos. Jina hilo hutajwa kuwa lilitokana na kigoda cha miguu mitatu kilichotumika enzi ambazo mtihani ulikuwa mjadala wa mdomo kwa Kilatini. Waliofanya vizuri zaidi waliitwa wranglers, yaani wabishani, na jina hilo likabaki hata ubishani ulipokoma na kila kitu kikawa kuandika. Na waliandika hasa. Mwaka 1854 mtihani huo ulichukua siku 8, saa 44 na nusu, na maswali 211. Majina yalisomwa hadharani kwa mpangilio, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kilichoshinda hapo kilikuwa kasi. Walimu binafsi waliwanoa vijana kwa malipo, wakiwafundisha kuyatambua maswali na kuyamaliza upesi. Ni tuisheni kama tunayoijua sisi.

Matokeo ya mwaka huo wa 1854 yanafaa kutazamwa kwa makini. Wa kwanza alikuwa Edward Routh, wa pili James Clerk Maxwell. Muda mfupi baadaye wote wawili walishindania Tuzo ya Smith, mtihani wa maswali machache yaliyodai kufikiri kwa kina kuliko wepesi wa mkono, na humo wakatangazwa kuwa sawa. Routh hakuwa mtu mdogo. Aliacha kazi yenye maana juu ya uthabiti wa mifumo, na akawa mnoaji mashuhuri kuliko wote wa vijana wa Tripos. Ila Maxwell ndiye aliyeiweka sumaku, umeme na mwanga katika nadharia moja. Miaka tisa kabla yao, mwaka 1845, jambo kama hilo lilitokea kwa namna iliyo wazi zaidi. William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa wa pili kwenye Tripos nyuma ya Stephen Parkinson, kisha akamshinda kwenye Tuzo ya Smith. Vijana walewale, elimu ileile, mizani tofauti, na mpangilio ukageuka. Anayeamini kwamba alama ni picha tupu ya uwezo wa mtu atafakari hapo.

Mtu atasema: hao wote walitoka kwenye mtihani huohuo wa kasi, basi ulikuwa na ubaya gani? Jibu bora lilitolewa na mtu aliyefaulu ndani yake. G. H. Hardy, wa nne katika orodha ya 1898, alieleza baadaye kwamba alianza kuelewa hisabati ni nini hasa aliposoma kitabu cha Mfaransa Camille Jordan. Aliona kwamba mbio za Tripos zilikuwa zimewaacha Waingereza nyuma ya Ufaransa na Ujerumani, hasa katika uthibitisho makini, akawa miongoni mwa waliopigania mabadiliko. Mpangilio wa mmoja mmoja ulisomwa kwa mara ya mwisho mwaka 1909. Mwaka 1926 Hardy alikwenda mbali zaidi akataka mtihani wenyewe ufutwe. Hapo siwezi kumfuata. Chuo kinachotoa shahada kina deni kwa shule itakayomwajiri mhitimu na kwa watoto atakaowafundisha, na deni hilo halilipwi bila kipimo.

Kinachonivutia ni kile ambacho Cambridge yenyewe ilikuja kukitumia. Swali refu lina alama 20. Jibu likifikia 15 huandikiwa alfa, na likiwa kati ya 10 na 14 huandikiwa beta. Daraja la mwanafunzi halitokani na jumla ya alama peke yake. Idadi ya alfa na beta zake nayo huhesabiwa, na alfa ina uzito mkubwa zaidi. Warudishe wale wanafunzi wetu wawili kwenye mizani hii. Wa kwanza anatoka na alfa mbili. Wa pili, mwenye 8 tano, hana alfa wala beta. Utaratibu huu unatamka jambo ambalo kila mwanahisabati analijua lakini miongozo yetu ya kusahihishia hailisemi: majibu matano yaliyoishia njiani hayalingani na mawili yaliyofika.

Pingamizi la kwanza ni la huruma, na lina haki ya kujibiwa. Alama za njia ziliwekwa ili kumlinda anayejua, akakosea kujumlisha katika mstari wa tatu. Mtu kama huyo asiangamizwe kwa sababu ya 7 iliyogeuka 9. Nakubali kabisa. Lakini kuteleza na kuwa na pengo ni mambo mawili tofauti. Aliyeteleza hoja yake imesimama na hesabu ndiyo iliyochafuka; mwenye pengo hana hoja. Kiwango cha 15 kati ya 20 kinampa nafasi mtelezi bila kumtajirisha mwenye pengo. Wengine watahofia kwamba sapu, yaani mitihani ya marudio, zitaongezeka na waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, watakuwa wengi. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama pendekezo lingekuwa kuongeza ugumu. Swali linaweza kuwa jepesi, na maswali yakapunguzwa ili muda utoshe kumaliza; mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa kukamilisha mambo matatu anaweza kuyakamilisha. Kinachomwangusha leo mara nyingi ni kujaribu maswali mengi mno kwa saa tatu.

Wako wanaosema dawa ni mtihani wa mdomo, kama wanavyofanya Italia baada ya ule wa maandishi, au kama Ufaransa katika madarasa ya maandalizi, ambako wanafunzi watatu husimama ubaoni kwa saa moja mbele ya mtahini. Ubao hufichua kukariri haraka kuliko karatasi. Ila mdomo una hatari zake. Katika miaka ya 1970 na 1980 watahini wa kitivo cha hisabati cha Chuo Kikuu cha Moscow waliwapa waombaji wa Kiyahudi maswali ya mdomo yaliyobuniwa kuwaangusha, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kulinganisha, dhuluma hiyo ilikuwa vigumu kuishtaki. Karatasi, kwa upande wake, iliwahi kutetea haki. Mwaka 1890 Philippa Fawcett alipata alama zilizompita mwanamume wa kwanza wa Tripos, na ikabidi itangazwe hivyo, ingawa Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Kwa sababu hiyo mtihani wa maandishi, wenye namba badala ya jina, unapaswa kubaki nguzo kuu. Mdomo ungefaa kwenye ile asilimia 40 ya kazi za muhula, ambazo sasa kompyuta inaweza kumwandikia mwanafunzi usiku mmoja. Dakika 5 ubaoni za kueleza jibu moja alilolikabidhi, mbele ya wahadhiri wawili, zinatosha kujua kama ni lake.

Kuna suala la idadi. Mhadhiri mwenye vijitabu vya majibu 400 mezani atauliza muda anautoa wapi. Kwa usahihishaji wenyewe mzigo unapungua: kuamua kama hoja imekamilika ni kazi ya haraka kuliko kusaka nusu alama katika mistari iliyotawanyika kurasa kumi na mbili. Ugumu uko kwenye dakika zile za ubaoni, na huo hautatuliwi kwa maneno. Unadai wahadhiri wasaidizi, na wahadhiri wasaidizi wanadai bajeti.

Seneti za vyuo vyetu zina mamlaka ya kuanza bila kusubiri fedha hizo. Iandikwe katika kanuni za idara za hisabati kwamba hakuna atakayepata A katika kozi ya uthibitisho bila angalau majibu matatu yaliyokamilika, hata jumla yake ikifika 75, na kanuni hiyo isomwe kwa wanafunzi wiki ya kwanza ya muhula, kabla hawajaanza kuchagua namna ya kusoma.