Kabla hajakushika mgongo, akuhoji

Wengi wanaokwenda kwa mtaalamu wa ostiopathi, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mikono, mara ya kwanza hutarajia kulazwa kitandani, kukandamizwa mgongo, kusikia "ko!" na kurudi nyumbani wazima. Nchini Uingereza, ambako fani hii ina sheria yake tangu mwaka 1993, ziara ya kwanza huanza kwa maswali. Naamini maswali hayo yana uzito kuliko mikono.

Maumivu yalianza lini? Yanazidi asubuhi au ukishakaa sana? Yanateremka mguuni? Unameza dawa gani? Kazi yako ni ya kubeba vitu vizito? Kisha huja yanayowashtua wengi: umekonda bila sababu, umewahi kuugua saratani, mkojo unaweza kuuzuia, una ganzi sehemu za siri? Usione haya kujibu. Mgongo unaouma huku mtu akishindwa kuzuia haja, au akipata ganzi katikati ya mapaja, unaweza kumaanisha mishipa ya fahamu imebanwa chini ya uti wa mgongo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Asiyeuliza haya, mimi simpi shingo yangu.

Baada ya hapo utaombwa kupunguza nguo. Unaweza kubaki na kaptura na fulana, kuomba shuka, au kuingia na ndugu yako. Mama zetu wanaojisitiri waliulize hili mapema, kwenye simu ya kupanga miadi. Utainama, utageuka, utainua mguu ukiwa umelala chali. Atakugonga goti kwa kinyundo cha mpira, apapase pingili moja baada ya nyingine. Halafu anapaswa kukueleza alichokiona, anachotaka kufanya na hatari zake, ndipo akuombe ridhaa. Ukisema shingo isiguswe, haiguswi.

Tiba yenyewe ni kuchua misuli, kunyoosha, kuzungusha kiungo taratibu, na pengine msukumo mmoja mfupi wa ghafla. Mlio unaosikika hutokana na gesi iliyo katika ute wa kiungo. Si mfupa uliorudi mahali pake, na usiposikika haina maana kwamba tiba imeshindwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu mwasisi wa fani, Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo Kirksville, Missouri, mwaka 1892, aliamini chanzo cha maradhi mengi ni mifupa iliyokaa vibaya. Sayansi haikumuunga mkono. Leo mwongozo wa kitaifa wa tiba Uingereza unakubali tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno, ila iende pamoja na mazoezi. Anayekuahidi kuponya kisukari kwa kukubonyeza mgongo, muage.

Siku moja au mbili baadaye mwili unaweza kuuma kama wa aliyeshika jembe siku ya kwanza ya msimu. Hilo ni la kawaida. Lakini kichwa kikiuma vikali kuliko ulivyozoea, ulimi ukawa mzito au uso ukapinda baada ya shingo kushughulikiwa, nenda hospitali bila kuchelewa.

Na kabla ya kulipa chochote, tafuta jina lake katika orodha ya baraza linalosimamia fani hiyo. Iko wazi kwa kila mtu, na kwa sheria ya Uingereza asiyekuwemo haruhusiwi kujiita mtaalamu wa ostiopathi.