Mkeka Unapochanika: Kosa Linalofundisha na Kosa Linalodanganya

Katika kijiji cha Mkula, kilicho kando ya barabara itokayo Kidatu kuelekea Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, fedha haziji kila siku. Huja kwa msimu: wakati mpunga wa mashamba ya umwagiliaji unapouzwa, na wakati malipo ya miwa yanapowafikia wakulima wadogo wa bonde la Kilombero. Kisha hufuata miezi mirefu ya kungoja. Mtu anayepokea fedha kwa mkupuo, akakaa nazo kwenye simu ileile inayotumika kubeti, yumo katika hatari ambayo mtumishi wa mshahara haifahamu vizuri. Jioni moja yaweza kubeba ada ya mtoto, mbolea ya msimu ujao na nauli ya kliniki.

Makala haya hayakusudii kuhubiri. Michezo ya kubahatisha ni halali nchini Tanzania kwa mtu aliyetimiza miaka 18, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi inayoisimamia. Linaloangaliwa hapa ni jambo moja tu, nalo lina uzito kwa mgonjwa na kwa mhudumu wa afya pia: mtu anapokuwa katikati ya kupoteza, anajifunza nini? Wachezaji wengi husema kwamba hasara ni mwalimu. Ni kweli mara chache. Mara nyingi hasara hufundisha uongo, na ushindi hufundisha uongo mkubwa zaidi.

Kwanza ni lazima kutofautisha michezo. Karata tatu zinazochezeshwa stendi na vijana wenye vidole vyepesi si mchezo hata kidogo. Ni wizi, na somo lake pekee ni kuondoka. Mashine za sarafu, zile zinazoitwa dubwi, ni bahati tupu iliyopangwa ili mwenye mashine abaki na sehemu ya kila kinachoingia. Hakuna mkono wenye ujuzi wa kuzigeuza. Kubeti mpira kuna ujuzi kidogo, lakini kampuni huweka bei zake kwa namna inayoimeza faida ya ujuzi huo kwa karibu kila mchezaji. Poka ya mezani, ichezwayo katika kasino za miji mikubwa kama Dar es Salaam, ni tofauti kidogo: watu hushindana wao kwa wao, nyumba huchukua ada yake, na anayefikiri vizuri hupata faida juu ya asiyefikiri, ingawa faida hiyo huchukua muda mrefu sana kuonekana. Kwa sababu hiyo poka ni darasa zuri la kuchunguza kosa. Hapo uamuzi na bahati vimesukwa pamoja, kama vilivyosukwa katika tiba.

Tuseme mchezaji ameshika ree mbili, karata bora kabisa za kuanzia. Mwenzake ameshika wafalme wawili. Wote wanaweka fedha zao zote mezani kabla ya karata nyingine kufunuliwa. Mwenye ree atashinda takribani mara 4 kati ya 5. Hiyo ya tano itakapomfika, atainuka mezani mfuko mtupu, moyo unamwaka, akitafuta kosa alilolifanya. Hakufanya kosa lolote. Akianza kuziogopa ree kuanzia usiku huo, amejifunza jambo baya kutokana na mchezo mzuri.

Sasa chukua kisa cha upande wa pili. Mchezaji anahitaji karata moja ya kopa ili atimize tano. Imebaki karata moja kufunuliwa. Kati ya 46 asizoziona, kopa ni 9. Nafasi yake ni takribani moja kati ya tano. Mezani kuna shilingi 100,000, na mpinzani ameongeza nyingine 100,000. Ili abaki, naye lazima atoe 100,000. Akifanya hivyo mara tano, kwa wastani atapoteza 100,000 mara nne, na mara moja atajipatia zile 200,000. Hesabu iko wazi: katika kila mizunguko mitano hasara ni 200,000. Lakini kama kopa itatokea usiku huo wa kwanza, atakwenda nyumbani akijiita jasiri, na atairudia hesabu hiyo mbovu kwa miaka. Ushindi huo ndio utakaomfilisi.

Mwaka 1988 wanasaikolojia Jonathan Baron na John Hershey waliuchunguza udhaifu huu, na mfano wao mmojawapo haukutoka mezani pa kamari bali hospitalini. Waliwapa watu kisa cha mgonjwa wa moyo aliyefanyiwa upasuaji wenye hatari ya kifo ya asilimia 8. Maelezo ya wakati wa kuamua yalikuwa yaleyale. Kilichobadilishwa ni mwisho tu, yaani mgonjwa alipona au alikufa. Waliosoma kwamba amekufa waliuona uamuzi wa daktari kuwa mbaya zaidi, ingawa daktari huyo hakuwa na njia ya kujua jambo lolote zaidi.

Mhudumu wa zahanati katika bonde la Kilombero anaujua mtego huu hata kama hajawahi kushika karata. Mgonjwa anakuja na homa, kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana vimelea, lakini anasisitiza apewe dawa ya malaria. Anapewa. Baada ya siku tatu amepona, kwa sababu homa yake ilikuwa ya virusi na ingepona yenyewe. Mgonjwa ameshinda, mhudumu ameshinda, na wote wawili wamejifunza kwamba kipimo si cha kuaminiwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kisha atibiwe kufuatana na majibu. Mwongozo huo unapambana na ushindi wa namna hii, mdogo na wa kila siku, kuliko unavyopambana na uzembe. Siku homa itakapokuwa ya nimonia, zoea lililojengwa na ushindi mwingi litamchelewesha mtoto.

Kwa hiyo wachezaji makini wa poka hawapitii makosa yao wakiwa bado mezani. Huandika kwa kifupi kilichotokea, wakakilala, na kesho yake wakakichambua. Annie Duke, mchezaji mstaafu wa Marekani aliyewahi kusomea saikolojia chuo kikuu, anashauri jambo moja zaidi: unapomsimulia mwenzako mkono uliocheza, usimwambie ulivyoisha. Mweleze ulichokijua, ulichokiona na ulichoamua, kisha mwache aseme. Akishajua kwamba ulipoteza, hatalitazama tena swali lenyewe. Wanaokaa katika vikao vya mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi watatambua undugu wa jambo hili, maana kikao kizuri huuliza kilichojulikana saa ile, na vifaa vilivyokuwapo, kabla ya kuuliza nani alikuwa zamu. Tofauti ni kwamba katika kikao hicho mwisho unajulikana tangu mlangoni. Ndiyo sababu ingefaa vituo vipitie pia akina mama walionusurika kwa bahati. Humo makosa yamejificha chini ya furaha.

Lakini vipi kuhusu saa yenyewe ya kupoteza? Hapo ndipo penye moto. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu ambaye bado hajaikubali hasara yake yuko tayari kupokea bahati nasibu ambazo asingezigusa akiwa ametulia. Walitaja hata mashindano ya farasi: kadiri siku inavyokwenda, ndivyo watazamaji wanavyozidi kuwawekea fedha farasi wasio na matumaini, wakitafuta pigo moja la kurudisha kila kitu. Bondeni wanasema tu, "narudisha hela yangu." Aliyeanza jioni kwa 2,000 ya burudani anamaliza kwa 50,000, na hajioni kama mtu anayecheza; anajiona kama mtu anayedai. Neno hilo "yangu" linastahili kuangaliwa. Fedha iliyopotea si yake tena. Ile iliyobaki kwenye simu ndiyo yake.

Hakuna uamuzi mzuri unaozaliwa katika hali hiyo, na kumwambia mtu atulie ni kupoteza maneno. Kinachofaa ni kilichowekwa kabla: kiasi kisichozidishwa, saa ya kuondoka, fedha nyingine zikiwa mahali ambapo kuzitoa kunahitaji mtu wa pili, kama akaunti ya kikundi cha kuweka na kukopa. Wachezaji wa poka wenye nidhamu wana desturi hiyo, na hawaiwekei masharti ya kujisikia.

Wakati huohuo, wakati mtu anapoteza, masomo mawili ya uongo humjia akiwa hana kinga.

Somo la kwanza ni kwamba bahati ina deni. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga fedha kwenye nyekundu, kila mara wakiamini zamu yake imefika, nao wakafilisika. Gurudumu halina kumbukumbu. Dubwi lililokula sarafu tangu asubuhi halijakaribia kutapika.

Somo la pili ni gumu zaidi kung'oa: "nilikaribia." Karibu kila anayebeti amewahi kuonyesha mkeka uliochanwa na timu moja, naye huuonyesha kama cheti. Hebu tufanye hesabu. Mkeka una mechi 10, na kila mechi ina nafasi ya asilimia 60 ya kwenda alivyotabiri, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa. Kati ya mikeka 1,000 ya aina hiyo, takribani 6 itashinda. Takribani 40 itachanwa na timu moja tu, na 120 hivi na timu mbili. Maana yake, kukaribia huja mara sita au saba zaidi ya kushinda, si kwa sababu mchezaji anaboreka, bali kwa sababu mkeka mrefu ndivyo ulivyoumbwa. Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa kwa kukaribia huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamshwa na ushindi, hata pale ambapo mchezaji mwenyewe anasema hakufurahi. Mfuko umepoteza, ubongo umepokea zawadi.

Kwa wengi mambo huishia kwenye majuto ya wiki moja. Kwa wachache inakuwa maradhi, na neno hilo halitumiki hapa kwa mzaha. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliihamishia kamari iliyokithiri katika kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, nalo linaitambua. Kurudi siku nyingine ili kurudisha kilichopotea ni mojawapo ya dalili. Nyingine ni kuficha, kukopa, na kushindwa kuacha licha ya kujaribu.

Mgonjwa huyu haji zahanati akisema, "Nina uraibu wa kamari." Huja na kichwa kinachouma, usingizi uliopotea, shinikizo la damu lililopanda kwa sababu dawa hazikununuliwa. Au huja mkewe. Maswali mawili, yaliyopendekezwa na watafiti tangu mwaka 1997, hutosha kufungua mlango, na yaweza kuulizwa taratibu baada ya salamu na pole: "Kaka, umewahi kujisikia kwamba ni lazima uongeze kiasi unachobeti? Umewahi kuwaficha watu wa nyumbani kiasi unachocheza?" Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linastahili mazungumzo marefu zaidi. Mzee anayetumia dawa za ugonjwa wa Parkinson aulizwe hata kama hana sura ya mcheza kamari: mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic waliripoti wagonjwa walioanza kamari kali baada ya kupewa dawa zinazoiga dopamini, hasa pramipeksoli, na daktari anaweza kupunguza au kubadilisha dawa hiyo. Mgonjwa asiiache mwenyewe ghafla.

Tiba iliyochunguzwa zaidi ni ya mazungumzo, ile inayomsaidia mtu kuyakamata mawazo kama "bahati ina deni" na "nilikaribia" na kuyapima moja moja. Familia ina kazi yake: kushika fedha za msimu kwa makubaliano, na kutolipa madeni kimyakimya, maana deni lililofutwa bila mazungumzo huwa mtaji wa jioni inayofuata.

Swali moja halipaswi kuahirishwa. Aliyebeti fedha za kikundi, au aliyechukua mkopo wa kausha damu ili kurudisha hasara, aulizwe waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asirudi nyumbani peke yake. Apewe rufaa siku hiyohiyo, ndugu mmoja akae naye, na viuatilifu na dawa za kuua magugu zilizo ndani, ambazo nyumba nyingi za wakulima wa mpunga huwa nazo, vitolewe na kufungiwa kwa jirani kabla giza halijaingia.