Fundi wa bidhaa za ngozi

Fundi wa bidhaa za ngozi (wingi: mafundi wa bidhaa za ngozi) ni mtu anayejipatia riziki kwa kukata, kushona na kupamba ngozi iliyosindikwa ili kutengeneza mikanda, mikoba, pochi, ala za visu au viatu. Ni tofauti na msindikaji, ambaye huitengeneza ngozi mbichi isioze.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kisu kikali, msharasi wa kutobolea, rula ya chuma, nyundo, sindano mbili na uzi uliopakwa nta. Katika mshono wa mkono sindano zote mbili hubeba uzi mmoja na kupishana katika kila tundu. Uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili bado hushika. Mshono wa cherehani hufumuka upesi zaidi.

Kushona hujifunzwa mapema. Kinachochukua miaka ni kuijua ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe ni imara mgongoni, lakini tumboni hunyumbuka, hivyo mkanda uliokatwa tumboni hurefuka ukivaliwa. Iliyosindikwa kwa kromi ni laini na hufaa mikoba, ila haishiki vizuri nakshi za kugongwa. Kwa nakshi hutakiwa ile iliyosindikwa kwa dawa ya mimea, kama magome ya miwati, mti unaopandwa Njombe, Tanzania.

Ujuzi huo huingia moja kwa moja katika hesabu. Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, na alama ya chapa, makovu ya kupe au tundu lililoachwa na kisu cha mchunaji hupimwa pamoja na sehemu nzuri. Tuseme fundi amenunua futi 20 na zinazofaa ni 14. Akipanga bei kana kwamba zote 20 zimetumika, asilimia 30 ya fedha aliyolipia ngozi haitarudi, hata kama mshono wake hauna kasoro. Wanaoanza husahau pia kuhesabu saa zao. Vipande vinavyobaki hutengenezewa vishikio vya funguo, au hupewa mwanafunzi afanyie mazoezi.

Nchini Tanzania teknolojia ya ngozi hufundishwa katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Wengine hujifunza kwa kukaa karibu na fundi mzoefu, kama katika soko la Kariokor jijini Nairobi, linalojulikana kwa ndala za ngozi zenye shanga.