Kiungulia Kisichoisha, na Tonge Linalokwama

Ukifika duka la dawa na kusema kifua kinawaka, utapewa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Vinatuliza kweli, tena ndani ya dakika chache, kwani huipooza tindikali iliyokwisha kumwagwa tumboni. Taabu ni kwa mtu anayevitafuna mwaka mzima akiamini ana vidonda vya tumbo, na hajapimwa hata mara moja.

Vidonda ni majeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki. Kiungulia huanzia juu ya tumbo. Mwisho wa umio, njia inayoshusha chakula, kuna msuli wa duara unaofunguka chakula kipite kisha hujifunga. Ukilegea, tindikali hupanda. Tumbo lina ute mzito unaolikinga. Umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana unaungua. Wajawazito husumbuliwa sana kwa sababu homoni ya projesteroni huulegeza msuli huo, na mimba inapokua hulisukuma tumbo juu. Kitambi nacho husukuma vivyo hivyo.

Basi tiba ya kwanza ni ratiba ya mlo. Nyumba nyingi hula chakula kizito usiku, na watu wakainuka mezani kwenda kitandani. Acha angalau saa tatu zipite. Inua kitanda upande wa kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza uzito, acha sigara. Pilipili, kahawa au machungwa usiyakatae yote kwa kusikia: chunguza ni kipi hasa kinachokuchoma wewe.

Omeprazoli inasaidia sana, lakini wengi huimeza kifua kikiwa tayari kinawaka. Dawa hii huzima pampu ndogo zinazotoa tindikali kwenye seli za tumbo, na pampu hizo huamka mtu anapokula. Kwa hiyo imezwe nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kila siku, na nafuu kamili huchukua siku kadhaa. Ukiimeza siku 14 bila nafuu, au kiungulia kikarudi mara tu unapoiacha, usijinunulie nyingine. Mwone daktari.

Zipo dalili zisizongoja siku 14. Kubwa kwetu ni chakula kukwama kinapomezwa. Afrika Mashariki imo katika ukanda wa saratani ya umio unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Bonde la Ufa la Kenya na Kilimanjaro zinaifahamu vizuri. Aina iliyozoeleka huku kwa kawaida haitokani na kiungulia. Pombe na tumbaku huichangia, na mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Mgonjwa huanza kushindwa ugali, kisha uji, mwisho maji, na wengi hufika hospitali wakati huo, umio umekwisha kuziba. Miezi aliyotafuna vidonge ndiyo iliyokuwa miezi ya kutibika.

Nenda pia haraka ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami. Kifua kikibana huku maumivu yakienda mkononi au kwenye taya na jasho likikutoka, huenda ni moyo: ukimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Na kama tonge limeanza kukwama, hata kama linakwama siku moja moja, usirudi tena duka la dawa. Nenda hospitali, mweleze daktari neno hilo kwanza kabla ya jingine lolote, na uulizie endoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa kinywani kutazama umio wenyewe.