Kwotabeki Mbele ya Mashabiki Wake (Sehemu ya Tano)

Jumamosi ya Septemba 13, 2025 mjini Austin, mashabiki wa Chuo Kikuu cha Texas walimzomea kwotabeki wao wenyewe, Arch Manning, katika mechi ambayo timu yake ilishinda 27 kwa 10. Wapinzani walikuwa UTEP, chuo cha El Paso ambacho hakuna aliyetarajia kingeisumbua Texas. Manning alitupa pasi 25, zikafika 11 tu, na kuna wakati pasi 10 mfululizo hazikumfikia mtu. Wiki mbili kabla ya hapo, mjini Columbus, Texas ilikuwa imefungwa 14 kwa 7 na Ohio State, mabingwa watetezi. Baada ya mechi hizo mbili mabishano hayakutulia. Wapo waliosema kijana amebebwa na jina la ukoo, maana babu yake Archie na baba zake wadogo Peyton na Eli wote walikuwa makwotabeki mashuhuri. Wapo waliosema apewe muda. Wapo pia waliotaka akae benchi mara moja.

Kazi ya kwotabeki tumeieleza katika makala zilizotangulia, nami sitairudia. Leo nataka twende Seattle, mwaka 1975, kwa sababu kila ninaposikia mashabiki wa chuo wakimzomea kijana wao namkumbuka Warren Moon, na naona kisa chake kinasimuliwa mara chache mno kuliko kinavyostahili.

Moon alikuwa kijana Mweusi wa Los Angeles. Vyuo vilivyomtaka alipomaliza sekondari vilitaka miguu yake na nguvu zake, lakini vingi vilimtaka abadilishe nafasi uwanjani. Akakataa. Alicheza mwaka mmoja katika chuo kidogo cha West Los Angeles ili aonyeshe mkono wake, ndipo Don James, kocha mpya wa Chuo Kikuu cha Washington, akamchukua na kumkabidhi timu. Timu ilikuwa dhaifu: mwaka 1975 ilishinda mechi 6 na kupoteza 5, mwaka uliofuata ikashinda 5 na kupoteza 6. Mashabiki wa Seattle walimzomea nyumbani kwake, wiki baada ya wiki, na matusi ya rangi yalichanganyika na malalamiko ya mchezo. Msimu wa 1977 ulipoanza kwa kupoteza mechi 3 kati ya 4, kelele za kutaka aondolewe zilipanda zaidi. James hakumtoa.

Yaliyofuata yamo kwenye vitabu vya kumbukumbu. Washington ilishinda mechi 6 kati ya 7 zilizobaki, ikiwemo ile ya USC iliyokwisha 28 kwa 10, ikatwaa ubingwa wa ligi yake na kwenda Pasadena kucheza Rose Bowl. Tarehe 2 Januari 1978 iliifunga Michigan 27 kwa 20. Moon alifunga tachidauni 2 kwa miguu na kutoa nyingine kwa pasi, akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Watu walewale waliomzomea mwezi Septemba walimshangilia mwezi Januari, na sijasoma popote kwamba walimwomba radhi.

Ili kuelewa kuzomewa kule kulitoka wapi, ni lazima tukumbuke kwamba katika Marekani ya wakati huo nafasi ya kwotabeki ilihesabiwa kuwa ya akili na uongozi, na wenye timu wengi waliamini mtu Mweusi hana vyote viwili. Willie Thrower wa Michigan State aliichezea Chicago Bears nafasi hiyo mwaka 1953, akaachwa msimu ulipokwisha. Sandy Stephens aliiongoza Minnesota kushinda Rose Bowl mwaka 1962 na kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Timu mbili za kulipwa zikamchagua, wala hakuna iliyokubali awe kwotabeki, ikabidi aende Montreal. Mwaka 1968 Oakland Raiders walimchagua Eldridge Dickey wa Tennessee State katika raundi ya kwanza, mbele ya Ken Stabler aliyechukuliwa raundi ya pili. Dickey wakamgeuza mpokeaji pasi, na Stabler akawa nyota. Mwaka huohuo Marlin Briscoe alitoa pasi 14 za tachidauni akiwa Denver Broncos, tena ukiwa ndio msimu wake wa kwanza. Msimu uliofuata hakupewa nafasi hiyo, akaondoka na kuwa mpokeaji pasi kwingine. Haya si mambo ya bahati mbaya. Ni dhuluma iliyopangwa, na kila aliyezomea kwa sababu ya rangi aliisaidia kusimama.

Basi, pamoja na Rose Bowl yake, NFL haikumtaka Moon kwa nafasi aliyoijua. Alipoona upepo unakovuma alisaini na klabu ya Edmonton nchini Kanada, na raundi zote 12 za drafti ya 1978 zikapita bila jina lake kutajwa. Huko Edmonton timu yake ilichukua kombe la Grey miaka 5 mfululizo, 1978 hadi 1982. Aliporudi Marekani mwaka 1984, Houston Oilers wakamfungulia mlango. Alistaafu akiwa na yadi 49,325 za pasi katika NFL, na mwaka 2006 akawa kwotabeki wa kwanza Mweusi kuingizwa katika Jumba la Umaarufu huko Canton, Ohio.

Sasa tutazame takwimu, maana waliobishana juu ya Manning walipenda kuzirushiana bila kuzichambua. Vyuo vya Marekani hupima pasi kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1979. Unachukua yadi za pasi na kuzizidisha kwa 8.4, unaongeza 330 kwa kila tachidauni ya pasi na 100 kwa kila pasi iliyofika, unatoa 200 kwa kila pasi iliyonaswa na wapinzani, kisha unagawanya kwa idadi ya pasi zote zilizotupwa. Siku ile ya Columbus Manning alitupa pasi 30, zikafika 17, kwa yadi 170, tachidauni 1, na 1 ikanaswa. Hesabu yake ni 1,428 kujumlisha 330 na 1,700, kutoa 200, yaani 3,258. Gawanya kwa 30 unapata 108.6. Waliotunga kanuni walipanga viwango vyake ili wastani wa misimu ya 1965 hadi 1978 uwe 100. Kwa hiyo mchezo ulioitwa aibu mwaka 2025 ungekuwa juu ya wastani katika enzi ya Moon. Mchezo umebadilika, pasi zimekuwa nyingi na rahisi zaidi, na matarajio ya mashabiki yamepanda nazo.

Tena kanuni hiyo haihesabu mbio za kwotabeki, wala pasi nzuri iliyodondoshwa na mpokeaji, wala ubora wa wazuiaji waliosimama mbele yake. Kati ya wazuiaji watano walioanza wa Texas msimu wa 2024, wanne walikuwa wameondoka, akiwemo Kelvin Banks aliyechukuliwa na New Orleans Saints wa 9 katika drafti. Kumhukumu kwotabeki bila kuwatazama hao ni kama kumlaumu mpishi kwa ugali mbichi huku kuni zimelowa.

Wengine husema siku hizi vijana hawa wanalipwa, kwa hiyo wavumilie kuzomewa. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wameruhusiwa kupokea fedha za matangazo, na kuanzia Julai 2025 chuo kiliruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Lakini malipo hayampi mtu haki ya kumdhalilisha mwanafunzi. Alipie tiketi yake, akosoe mchezo kwa hoja, na hapo akomee.

Sisemi kocha asimtoe kwotabeki kamwe. Januari 2018 Nick Saban wa Alabama alimtoa Jalen Hurts wakati wa mapumziko ya fainali, akamwingiza Tua Tagovailoa, na Alabama ikaifunga Georgia 26 kwa 23. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulitoka kwa aliyewaona wote wawili mazoezini kila siku. Hurts naye alihamia Oklahoma, na Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl.

Kuhusu Manning, mimi namwona mkono wake una nguvu ya kutosha, lakini katika mechi hizo mbili miguu yake haikutulia aliposogelewa na walinzi, na pasi fupi zilimtoroka chini. Hayo yanarekebishika mazoezini. Baada ya UTEP, Texas ilipangiwa kucheza na Sam Houston Jumamosi iliyofuata, kisha Oktoba 4 kwenda Gainesville kukutana na Florida, mahali pa kuwapima wazuiaji wake wapya. Makala ijayo itahusu Grambling, chuo cha Louisiana alikosoma kwotabeki Doug Williams, na kocha wake Eddie Robinson.